Kwantamu Ni Nini, na Itasaidia Aje Mzigo Unaopita Voi?

Simama kando ya barabara kuu pale Voi saa nne usiku na uanze kuhesabu trela. Utachoka kabla ziishe. Zinatoka bandari ya Mombasa, karibu kilomita 150 nyuma, na zinaenda Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki mwa Kongo. Zingine zinakata kushoto kuelekea Mwatate na Taveta, zivuke mpaka pale Holili ziingie Tanzania. Na hapo hapo SGR nayo inapita na msururu wa makontena.

Sasa cheki mlango wa nyuma wa zile kontena za transiti. Kuna kifaa kimekaa kama kufuli nene. Hiyo ni sili ya kielektroniki, na inaambia KRA kontena iko wapi kila wakati. Mtu akiifungua njiani, alamu inalia kwa ofisi. Mfumo huu Kenya, Uganda na Rwanda ziliuunganisha mwaka 2017, ndio mzigo wa nje usipotee na kuuzwa hapa bila kulipiwa ushuru.

Hiyo sili haiwezi kufanya kazi bila teknolojia ya kwantamu. Kwa hivyo mtu akikuambia kwantamu ni mambo ya mwaka 2050, mwambie inapita Voi kila usiku, imefungiwa kwa kontena.

Stori ni ndefu kuliko hapo, na ina sehemu za ukweli na sehemu za kupakwa rangi. Wacha tukuchanue.

Kwanza, kwantamu ni nini?

Ni fizikia ya vitu vidogo sana: atomu, elektroni, chembe za mwanga. Ilianza mwaka 1900, Mjerumani anaitwa Max Planck alipogundua kwamba nguvu ya mwanga haimwagiki kama maji ya bomba, inatoka kwa vipimo kamili, moja moja, kama vile kondakta huwezi mlipa nusu ya sarafu. Baadaye wasayansi wakagundua vituko zaidi. Elektroni inajibeba kama wimbi. Inaweza kuwa kwa hali mbili pamoja mpaka uipime. Inaweza hata kupenya ukuta ambao kwa sheria za kawaida haina nguvu ya kuuruka.

Usijali kama haiingii kichwani. Mimi nilitoka campo kabla tufike hiyo sura, na hata waliobaki wanaendelea kubishana maana yake. Cha muhimu ni kwamba hesabu zake zinakubali kila zikipimwa, na kutoka kwa hizo hesabu tukapata transista iliyo kwa simu yako, taa za LED, na leza inayosoma kodi ya bei kwa supamaketi. Leza ya kwanza duniani, mwaka 1960, Theodore Maiman aliitengeneza na kipande cha rubi. Ilikuwa rubi ya maabara, lakini ukiangalia ndani ni kitu kile kile wasee wanachimba huko Kasigau: oksidi ya alumini iliyochanganyika na kromi kidogo.

Hiyo wasayansi wanaiita awamu ya kwanza. Awamu ya pili ndiyo inapigiwa kelele saa hii. Hapa hatutumii tu tabia za kundi kubwa la atomu, tunashika atomu au elektroni moja moja na kuziamrisha. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi hii, na Nobel ya fizikia ya mwaka huo ikaenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa kuonyesha kwamba ile tabia ya kupenya ukuta inaweza kutokea kwa saketi kubwa ya kutosha kushikwa na mkono.

Saa iliyo kwa ile sili

Turudi kwa kontena. Sili inajua iko wapi kwa kusikiliza setilaiti za GPS. Kila setilaiti inatuma ujumbe wa aina hii: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Sili inapima huo ujumbe umechelewa kiasi gani kufika, inapiga hesabu ya umbali, na ikipata setilaiti nne inajua mahali ilipo.

Balaa ni kwamba mawimbi ya redio yanaenda kasi ya mwanga. Saa ikikosea kwa milioni moja ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Hiyo ni tofauti ya trela iliyopaki kwa barabara na trela iliyoingia vichochoro kumwaga mzigo. Saa ya ukutani haiwezi hiyo kazi. Ndio maana setilaiti zinabeba saa za atomu, za rubidi na sizi. Atomu ya sizi inabadilisha hali yake kwa mdundo ambao haubadiliki popote ulimwenguni, na tangu 1967 sekunde yenyewe imepimwa hivyo: midundo 9,192,631,770.

Hakuna mtu Voi anaita hiyo kwantamu. Dereva anaiita tu sili, na mara nyingi anaitaja akiwa amekasirika. Lakini ukiuliza ni wapi kwantamu imeshasaidia usafirishaji wa Afrika Mashariki kwa vitendo, jibu ni hapo, na halihitaji kutiwa chumvi.

Kompyuta ya kwantamu na pikapu ya mboga

Sasa tuingie kwa ile sehemu inayouzwa sana mtandaoni.

Chukua mfano. Una pikapu moja. Unaamka mangware kukusanya mboga Milima ya Taita: Werugha, Mgange, Wesu, Mbale, Wundanyi. Vituo vitano, kisha ushuke Mwatate, utokee Voi na uwahi soko la Kongowea, Mombasa, kabla bei iporomoke. Hivyo vituo vitano unaweza kuvipanga kwa njia 120. Vikiwa 10, njia zinakuwa 3,628,800. Vikiwa 15, zinapita trilioni 1.3. Ongeza kwamba barabara fulani ikinyesha haipitiki, na mama fulani havuni kabla ya saa moja, na kichwa kinapasuka.

Tatizo hilo hilo, likiwa kubwa, ndilo linasumbua bandari (kreni ipi ishushe kontena ipi), SGR, viwanda vya magari, na kila kampuni ya kusafirisha vitu. Hapo ndipo watu wa kwantamu wanakuja na ahadi zao.

Utasoma kila mahali ati kompyuta ya kwantamu inajaribu majibu yote mara moja. Hiyo si kweli hivyo. Enda Ziwa Chala, tupa mawe mawili kwa maji. Mawimbi yakikutana, mahali pengine yanainuana, mahali pengine yanauana na maji yanatulia. Kompyuta ya kwantamu inafanya kitu kama hicho na vipimo vyake vinavyoitwa kyubiti: unapanga hesabu ndio majibu mabaya yauane na jibu zuri liinuke. Shida ni kwamba kuna hesabu chache tu ambazo watu wamejua kuzipanga hivyo. Na hizo kyubiti ni dhaifu mno. Zile za saketi zinawekwa kwa baridi inayokaribia sifuri kabisa, zaidi ya nyuzi 270 chini ya sifuri, na bado zinakosea. Google mwishoni mwa 2024 ilitoa chipu ya kyubiti 105 inaitwa Willow, na sifa yake kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba makosa yanaweza kupungua ukiongeza kyubiti. Hiyo ni hatua kubwa kwa maabara. Kupanga pikapu, bado.

Kuna aina nyingine, ya kampuni ya D-Wave kutoka Kanada, iliyotengenezwa hasa kwa matatizo ya kupanga. Hiyo ni rahisi kuelezea mtu wa Taita. Fikiria uko Vuria, mita 2,208 juu, ukungu umefunga hauoni hata viatu vyako, na unatafuta bonde la chini kabisa. Utateremka mpaka ufike mahali pamelala, useme nimefika. Kumbe ni kibonde tu, na bonde lenyewe liko ng'ambo ya kilima kingine. Kompyuta ya kawaida ikikwama hapo inabidi ipande kilima tena. Ya D-Wave inatumia ile tabia ya kupenya: inapita katikati ya kilima.

Imejaribiwa kwa kazi za kweli. Mwaka 2019 Volkswagen ilipanga njia za mabasi 9 huko Lisbon wakati wa kongamano kubwa la teknolojia. Gati moja la bandari ya Los Angeles, Pier 300, ilitumia mashine hizo kupanga kreni na malori. Ford Otosan ya Uturuki inasema kupanga ratiba ya kuunda magari 1,000 kulikuwa kunachukua dakika 30 na sasa ni chini ya dakika 5. Lakini cheki nani anasema: kampuni yenyewe na aliyewauzia mashine. Na mara nyingi kazi inagawanywa, sehemu ifanywe na kompyuta za kawaida na sehemu na kwantamu, kwa hivyo ni ngumu kujua sifa iende wapi.

Ukweli ambao hawaweki kwa tangazo ni huu: kompyuta za kawaida ni noma kwa hii kazi. Mwaka 2006 wataalamu walitatua tatizo la njia lenye vituo 85,900, na wakathibitisha hakuna njia fupi kuliko hiyo, bila kyubiti hata moja. Zile trilioni za njia nilizokutisha nazo hapo juu? Programu ya bure kwa laptopu ya kawaida inamaliza vituo 15 kabla upepese macho. Haipitii zote, inatupa zile za ujinga kwa mafungu.

Kwa hivyo mboga za Wundanyi zikioza, hazijaoza juu ya kukosa kompyuta ya kwantamu. Zimeoza juu hakuna chumba cha baridi, juu barabara imekatika, na juu hakuna mtu ameandika popote ni mkulima yupi anavuna kreti ngapi siku gani. Mashine ya mamilioni ya dola haiwezi kupanga mzigo ambao haujaandikwa. Hapo naongea kama mtu ambaye ameona mfumo wa mzigo ukiendeshwa na daftari moja na kumbukumbu ya mtu mmoja, na huyo mtu akazima simu.

Chini ya ardhi ndio kuna ganji

Kama ningeulizwa Taita Taveta ipewe kifaa kimoja cha kwantamu leo, singechagua kompyuta. Ningechagua sensa.

Hii kaunti imekalia mali. Chuma kiko Kishushe. Rubi ziko upande wa Kasigau. Na kuna tsavoraiti, ganeti ya kijani ambayo Campbell Bridges aliipata kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha hapa kwetu miaka michache baadaye. Tiffany ya New York iliipa jina mwaka 1974, kutoka kwa Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mwaka 2009 kwa mzozo wa machimbo. Ukitaka kujua mawe haya yana uzito gani huku, anzia hapo.

Wachimbaji wengi wadogo wanachimba kwa kubahatisha. Unaingia shimo na tochi, nyundo na maombi, unafuata mkanda wa jiwe miezi mingi. Shimo likiporomoka, ni watu.

Sasa, kuna sensa inaitwa SQUID. Ni kipete cha nyaya zinazopitisha umeme bila kizuizi, na kwa sababu ya tabia ya kwantamu kinahisi sumaku ndogo kuliko kitu chochote ulichoshika shuleni. Australia, shirika la utafiti la CSIRO lilitengeneza mtambo wa uwanjani unaitwa LANDTEM kwa hii sensa, ikipozwa na naitrojeni ya maji ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Unapitisha umeme ardhini, unauzima ghafla, unasikiliza mwangwi unavyofifia. Mawe yanayopitisha umeme yanachelewa kunyamaza. Umetumika miaka mingi kutafuta madini kama nikeli na fedha.

Ingefaa hapa? Tsavoraiti yenyewe haipitishi umeme, hiyo sahau. Lakini inapatikana ndani ya mawe yenye grafaiti, na grafaiti inapitisha umeme vizuri sana. Kwa hivyo mtambo unaweza kukuonyesha mkanda wa grafaiti umepita wapi chini ya vichaka, na wapi umekunjika. Hautakuambia jiwe liko hapa, chimba. Mikanda mingi ya grafaiti haina kitu. Lakini kuondoa nusu ya eneo ambalo ungepotezea miaka mitatu, hiyo ni chapaa.

Kuna ya pili, sensa ya mvuto. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitumia atomu zilizopozwa na leza kupima mvuto wa ardhi, na wakaona handaki la upana wa kama mita 2 chini ya barabara bila kuchimba. Atomu zinaangushwa, na zikianguka polepole kidogo tu ujue chini kuna uwazi. Fikiria hiyo Kamtonga, mahali watu wamechimba vizazi viwili na hakuna ramani ya mashimo ya zamani. Kujua kuna pango chini ya miguu yako kabla uteremke ni tofauti ya kurudi nyumbani jioni au la.

Na nani atanunua? Hapo ndio mambo yanakuwa moto. Kifaa kama hicho kikiingia na mwekezaji mkubwa pekee, atajua kilicho chini ya ardhi ya ranchi kabla wenye ranchi wajue, na atakuja kuongea bei akiwa na hiyo siri mfukoni. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini. Voi kuna kituo cha kukata na kung'arisha vito, kilichojengwa ndio mawe yasiuzwe mabichi kwa broka wa kwanza. Data ya ardhi ikikaa kwa taasisi za hapa, mchimbaji mdogo ana mahali pa kuuliza. Ikikaa kwa laptopu ya mgeni, ndio basi.

Viwandani: mbolea kwanza

Mahali ambapo kompyuta ya kwantamu ina sababu nzuri ya kushinda ya kawaida ni kemia, juu molekyuli zenyewe zinafuata sheria za kwantamu. Mfano ni mbolea. Viwanda vya kutengeneza naitrojeni ya mbolea vinatumia joto la nyuzi 400 kwenda juu, na kazi hiyo inakula kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati yote ya dunia. Kumbe bakteria walio kwa mizizi ya kunde na mbaazi wanafanya kazi hiyo hiyo kwa joto la shamba, kwa kutumia fundo dogo la chuma na molibdeni ambalo kompyuta za leo haziwezi kuliiga vizuri. Tukilielewa, pengine mbolea itatengenezwa karibu na ndizi za Taveta badala ya kuletwa kwa meli. Hiyo ni miaka mingi mbele. Usimwambie mkulima angoje.

Kufuli za siri zitavunjwa

Hii ndiyo ya haraka. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta kubwa ya kwantamu inaweza kuvunja hesabu zinazolinda benki, saini za kielektroniki na karatasi za forodha. Kompyuta hiyo haijakuwepo bado. Lakini mkora anaweza kunakili data iliyofungwa leo na kuihifadhi mpaka siku hiyo ifike. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya kufuli mpya ambazo kwantamu haitarajiwi kuvunja.

Kontena moja kutoka Mombasa mpaka Kigali inafuatwa na karatasi nyingi za kidijitali: bandari, KRA, benki, bima, forodha ya kila mpaka. Nchi moja ikibadilisha kufuli na jirani asibadilishe, mlango uko wazi bado. Hiyo ni kazi ya kawaida ya programu, haihitaji maabara ya baridi, na inahitaji vijana wa kuifanya.

Chunga usichezwe

Neno kwantamu limekuwa chambo. Kuna kurasa za kuwekeza zinazodai kompyuta ya kwantamu inafanya biashara ya sarafu kwa niaba yako, na video ya msee maarufu iliyotengenezwa na mashine. Hakuna kompyuta ya kwantamu ya kukuomosha wewe na elfu tano yako. Kuna pia ile mashine unashika chuma mkononi inakuambia figo yako iko aje. Hiyo nayo haina kwantamu kuliko redio ya mzae.

Ukitaka kugusa kitu cha kweli, IBM iliweka kompyuta yake ya kwantamu kwa intaneti tangu 2016, na bado unaweza kupata dakika chache za bure. Programu yao inaitwa Qiskit, inaandikwa kwa Python, na utaifungua hata kwa saiba ya Voi. Kigali kuna AIMS, kwa wale wanaotaka kuingia ndani kabisa. Anza na ile pikapu ya vituo vitano. Majibu ni 120 tu, kwa hivyo ukimaliza unaweza kuyakagua yote kwa kalamu ukiwa kwa matatu inateremka Wundanyi, uone kama mashine imekudanganya.